Mlango Uliosingiziwa

Kaka yangu alikuwa fundi seremala, na kazi yake ilikuwa milango. Vitanda na makabati alitengeneza pia akibanwa, lakini kwa uso uliokunjamana, kama mtu anayelazimishwa kunywa dawa. Mlango ndio uliomfurahisha. Alisema kitanda hata kikiwa na kasoro mtu atalala tu, lakini mlango usiokaa sawa utakusema kila siku, utagoma kufunga, utapiga kelele wageni wakiwapo. Akimaliza kuutengeneza aliusimamisha kwenye fremu, akausukuma kwa kidole kimoja, na kama haukwenda wenyewe taratibu hadi ukagusa komeo, aliushusha akaanza tena. Wateja walimlalamikia kwa kuchelewesha, lakini kwa mlango wenyewe sikuwahi kusikia mtu akilalamika.

Siku za kazi alikuwa mtu wa milango, Jumapili alikuwa mtu wa goli. Tangu tukiwa wadogo yeye ndiye aliyekaa golini, na goli lenyewe lilikuwa mlango wa bafu la mama yetu, ambao ulipigwa mipira mpaka bawaba zikalegea. Mimi nilikuwa mwokota mipira, tena kwa lazima, na kama nilichelewa kuirudisha nilifokewa. Mama alipochoka kuoga na mlango uliokaa upande, alimpa kaka nyundo na misumari akamwambia ulivyouvunja ndivyo utakavyoutengeneza. Akautengeneza. Nadhani maisha yake yote yalianzia pale, kudaka na kugongelea.

Alipofikia umri wa mvi za hapa na pale bado alikuwa anadaka. Timu yake walikuwa wanaume wa makamo, tumbo mbele pumzi nyuma, waliokutana kila Jumapili jioni kwenye kiwanja cha vumbi nyuma ya ghala la saruji. Kulikuwa na mwenye bucha, mwalimu wa hesabu, kinyozi, fundi saa, na wengine wa aina hiyo. Kulikuwa na mume wangu pia, anayeendesha gari la kusambaza mikate. Kaka walimwita Ukuta. Mume wangu walimwita Treni, kwa sababu akishaanza kukimbia hakuwa na uwezo wa kusimama wala kukata kona. Kinyozi walimwita Daktari, kwa kuwa alijua kukanda misuli na alikuwa na kopo la dawa ya kuchua yenye harufu ya kutoa machozi. Walicheza kama watoto na kuzozana kama watoto, na mimi niliwaona hawana hatari yoyote zaidi ya kuchafua nguo.

Walikuwa na desturi moja. Refa akishapuliza filimbi ya mwisho, wote wa pande zote mbili walisimama duara, wakarundika viganja kimoja juu ya kingine, wakasema kwa pamoja, "Ya uwanjani yabaki uwanjani." Desturi hiyo ilianza tangu mwenye bucha alipoteguka kifundo cha mguu, mkewe akafunga safari hadi kiwanjani, mwavuli mkononi, akamfokea nahodha mbele ya umati mpaka nahodha akajificha nyuma ya mlingoti. Tangu siku hiyo waliapa kwamba hakuna mke atakayesikia, kutoka kinywani mwa yeyote kati yao, kilichompata mume wake uwanjani. Aliyeumia alipewa na msaada wa kutunga maelezo. Huyu aliteleza kwenye ngazi, yule alikimbizwa na mbwa, mwingine alitumbukia mtaroni. Mwalimu wa hesabu, nasikia, ndiye aliyekuwa bingwa wa kutunga.

Mimi nafundisha watoto wa darasa la kwanza. Kazi yangu nusu yake ni kusikiliza uongo. Mtoto akisema daftari lake limeliwa na mbuzi namtazama tu, naye anaanza kulia kabla sijasema neno. Kwa hiyo nilijiona mjanja, nikaamini kwamba nyumbani kwangu na kwa kaka yangu hakuna wa kunidanganya. Nikikumbuka hilo sasa hivi damu inanichemka, na sijui hasa nimkasirikie nani.

Wifi yangu, mke wa kaka, ni fundi cherehani. Anashona sare za shule katika sebule yao, mwanamke mdogo wa umbo, ulimi mwepesi, mkasi kila wakati mkononi. Mwaka uliotangulia haya ninayosimulia kaka alirudi kutoka uwanjani vidole viwili vimevimba kama ndizi. Alisingizia nyundo, lakini uongo huo ulikuwa mwepesi mno, kwa sababu siku ya Jumapili karakana ilikuwa imefungwa. Kwa muda mrefu hakuweza kushika randa. Milango ililala, wateja wakapiga kelele, wifi akashona usiku na mchana kuziba pengo. Mkono ulipopona alimkalisha kitako mbele yangu, akazinyanyua glavu zake za kudakia, akazipitishia mkasi hewani.

"Baba watoto, nenda kacheze, sikukatazi," alimwambia. "Ila siku ukirudi tena hapa umeumia, glavu hizi nazikata vitambaa vya kushikia sufuria, na mpira basi."

Tulicheka wote watatu. Kaka alicheka zaidi yetu. Lakini kuanzia wiki ile glavu hazikuonekana tena nyumbani. Alizipeleka karakana akazitundika kwenye msumari nyuma ya mbao, mahali ambapo mkasi usingefika.

Yale ya Jumapili ile aliyoumia kaka sikuyaona. Nimeyapata kwa mume wangu, kwa vipande, kila mara nikimbana kidogo anatoa kidogo. Ulikuwa mpira wa kona. Mpira ulipaa juu sana, kaka akaruka mikono yote miwili hewani, mwili umenyooka, tumbo wazi. Treni naye akaruka, na urukaji wake ni ule ule ambao wenzake walikuwa wakimtania nao, goti linatangulia halafu mwenyewe anafuata. Goti lilimwingia kaka chini ya mbavu za kushoto. Mume wangu anasema kilisikika kishindo kama cha gunia likitupwa sakafuni.

Kaka alianguka akabaki mdomo wazi, pumzi haiingii haitoki. Wakamzunguka. Wakafanya walichozoea kufanya siku zote: wakammwagia maji ya baridi kichwani, wakamkunja miguu na kuikunjua, mmoja akamwambia Ukuta umepata ufa. Wakacheka, yeye mwenyewe akacheka pumzi iliporudi. Akanyanyuka, akapangusa vumbi, akaashiria mchezo uendelee. Akadaka shuti moja zaidi kabla ya mwisho, na lile wanalisimulia mpaka leo. Filimbi ilipolia wakasimama duara. Mume wangu anasema kiganja cha kaka kiliangukia juu ya chake, na kilikuwa cha baridi, lakini alidhani ni yale maji.

Kaka alioga kwenye bomba la ghala, akabadili nguo, akarudi nyumbani amechana nywele. Tumboni hakukuwa na alama ya maana, wekundu tu ambao mtu angeupata kwa kuegemea meza. Alikula kidogo akasema ameshiba. Alipojilaza ndipo bega la kushoto lilipoanza kumuuma, maumivu ya ndani, yasiyotulia, kiasi kwamba alilazimika kuinuka na kukaa. Wifi akauliza kuna nini. Kaka akajibu kwamba Jumamosi alinyanyua peke yake ule mlango mkubwa wa mbao ngumu anaoutengeneza, labda ndio uliolivuta bega. Wifi akamwambia ujana umeshapita, kwa nini hukuita mtu akusaidie. Mambo yakaishia hapo.

Bega lile halikuwa na kosa lolote. Sasa najua, maana nilielezwa kwa upole mkubwa na daktari ambaye hakuwa na haja ya kunieleza. Chini ya mbavu za kushoto kuna kiungo kinachoitwa bandama, laini, kimejaa damu. Kikipasuka kinaweza kuvuja polepole, na damu ikikusanyika kule juu ya tumbo, karibu na kiwambo cha pumzi, maumivu yanaweza kujitokeza begani, mbali kabisa na penye jeraha. Mtu anashika bega huku tumbo linajaa. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua hayo, na nisingetegemea tuyajue. Lakini walikuwepo watu waliojua kwamba alipigwa goti, na hilo lilitosha.

Jumatatu kaka alipita kwa kinyozi. Mwenye bega bovu aende wapi kama si kwa Daktari? Kinyozi alimkalisha kwenye kiti cha kunyolea, akamvua shati upande mmoja, akafungua kopo lake. Alilikanda lile bega kwa moyo wake wote. Hakuuliza habari za goti kwa sababu alikuwepo, aliona mwenyewe, na kwake yeye mtu aliyeanguka kutoka juu bega lake kuuma ni jambo la kawaida. Alipomaliza kaka alisimama, akayumba, akashika meza ya mikasi. Jasho jembamba lilikuwa limemtoka usoni. Kinyozi akafurahi, akasema hiyo ni dawa inafanya kazi.

Nyumbani kwangu nako mambo yalikuwa si ya kawaida. Mume wangu aliosha vyombo. Katika miaka yote ya ndoa yetu mwanamume yule alikuwa akipita karibu na sinki kama mtu anayepita karibu na mbwa mkali. Jumatatu akaosha sufuria, akazipanga, akafuta na meza. Halafu akaniuliza, hivi kaka yako anaendeleaje. Nikamjibu bega linamsumbua. Akaniuliza tena wakati wa chai, na tena nilipokuwa nasahihisha madaftari. Mimi, mjanja wa kunusa uongo, nikaanza kufikiria kwamba kuna mwanamke mwingine. Nilimkagua mifuko.

Kumbe alikuwa ameshakwenda karakana siku ile ile, akaliegesha gari la mikate nje, akamkuta kaka amekaa juu ya benchi bila kufanya kazi. Akamwambia shemeji, hali yako siipendi, twende hospitali ukawaambie ulivyoumia. Kaka akamtazama akamwambia maneno ambayo mume wangu ananirudishia kila mara.

"Ukisema, umenimaliza. Mpira ndiyo kitu changu pekee ambacho si kazi. Ni bega tu, litapoa."

Mume wangu akarudi garini. Akaenda kusambaza mikate, halafu akaja kuosha vyombo.

Jumanne wifi alikataa kusikiliza zaidi, akamkokota hadi zahanati. Alikwenda naye hadi ndani ya chumba cha daktari, na hakuna anayeweza kumlaumu kwa hilo. Daktari wa pale alikuwa kijana mpole, mwenye foleni ndefu nje. Alilishika bega, akauinua mkono, akauzungusha. Mkono ulizunguka vizuri, na hilo lilimshangaza kidogo. Wifi anakumbuka wazi kwamba alisita, akaweka kalamu chini, akauliza kama mgonjwa ameanguka au amepigwa popote siku za karibuni. Kaka aligeuza macho akamtazama mkewe. Halafu akasema hapana, ni mlango. Akaueleza huo mlango, uzito wake, mbao zake, jinsi alivyouinua kwa upande wa kushoto. Alieleza vizuri sana, maana milango aliijua. Daktari akaandika vidonge vya maumivu na kumwambia apumzike, arudi kama hali itabadilika.

Njiani alikuwa akisimama kila baada ya hatua chache, anajifanya anatazama maduka. Aliomba maji, akanywa, akaomba tena. Wifi alidhani ni jua.

Jumatano nilipotoka shule nilipitia karakana nimpelekee matunda. Niliukuta mlango wenyewe umelazwa juu ya benchi, mkubwa, rangi ya asali, umepigwa msasa upande mmoja tu. Kaka alikuwa chini, kwenye maranda, ameegemea rundo la mbao, magoti ameyakunja kifuani. Uso wake ulikuwa umepauka, na midomo haikuwa na rangi. Mkono wa kulia ulikuwa umelishika bega la kushoto. Nilimshika shingoni nikakuta jasho la baridi. Nikamwita. Alifungua macho akatabasamu, akaniambia mdogo wangu, usiniangalie hivyo, nimekaa tu kidogo. Alijaribu kusimama ili anithibitishie. Magoti yalimkatika, akarudi chini na kulala chali, kisha akapiga yowe dogo na kukaa tena kwa haraka, kama maranda yamemchoma.

Nikampigia simu mume wangu nikamwambia aje na gari sasa hivi, kaka anakufa. Nilisema hivyo kama watu wanavyosema, bila kumaanisha. Alifika upesi kuliko nilivyotegemea, tukamlaza kaka nyuma katikati ya masanduku ya mikate, mimi nimepakata kichwa chake. Gari zima lilinukia mkate wa moto. Mume wangu aliendesha bila kusema neno, na kwenye kioo niliona anafuta macho kwa kiwiko. Nilidhani ni huruma ya shemeji.

Wifi alitukuta mapokezi, nyuzi zimemganda kwenye gauni. Wahudumu walimweka kaka kwenye kitanda cha magurudumu, na daktari mmoja mwanamke, mrefu, akatoka kumpokea. Aliuliza imeanzaje. Wifi akajibu, ni bega, aliinua mlango mzito Jumamosi. Mimi nikaongezea kwamba alikwenda zahanati akapewa vidonge, lakini leo amelegea ghafla. Tuliongea kwa kupokezana, kwa uhakika mkubwa. Daktari akamshika kaka mkono kupima mapigo, akakunja uso, akamwuliza yeye mwenyewe, baba, ni bega tu? Kaka akatikisa kichwa kukubali. Daktari akamgeukia muuguzi akaanza kusema kuhusu kupima moyo, kuhusu picha ya bega.

Mume wangu alikuwa amesimama ukutani, funguo za gari mkononi. Nilizisikia zikigongana. Nilipogeuka nilimwona anamtazama kaka, na kaka anamtazama yeye, na kaka akatikisa kichwa tena, safari hii kukataa, taratibu, kama anavyomkataza mtoto kuchezea patasi.

"Si bega," mume wangu akasema. "Nilimpiga goti la tumbo Jumapili, hapa kushoto. Hakuna mlango."

Daktari alilifunua shati la kaka akaweka kiganja chini ya mbavu, akabonyeza kidogo tu, na kaka akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Tumbo lilikuwa limetuna na kukakamaa. Baada ya hapo watu walianza kukimbia. Muuguzi mmoja alikuja na kikasha cha sindano, mwingine na chupa za maji, mtu akaagiza damu, mwingine akaagiza chumba cha upasuaji kitayarishwe. Daktari akamwuliza mume wangu, bila ukali, kwa nini hukusema mapema. Angemwambia nini mwanamke yule mwenye glavu nyeupe? Kwamba walirundika viganja wakaapa?

Mimi nilimtazama mume wangu kama mtu nisiyemjua. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika, na baadhi yake bado sijayafuta. Vyombo nilivyodhani amevisafisha kwa ajili ya mwanamke mwingine, alivisafisha kwa ajili ya kaka yangu. Yote yale alikuwa nayo kifuani, siku hizo zote, meza moja, kitanda kimoja na mimi.

Wifi yeye hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha. Mwanamke ambaye angekufokea kwa kifungo kilichokatika, alisimama pale mikono imening'inia. Walipoanza kukisukuma kitanda alikifuata, akakishika ubavuni, akatembea nacho hadi kwenye ile milango miwili ya kusukuma ambapo ndugu hawaruhusiwi kupita. Nikaona ameinama. Nikaona midomo ya kaka inacheza, na ya kwake inacheza. Kisha milango ikafunguka, ikamchukua, ikarudi yenyewe ikafunga.

Tulikaa kwenye benchi la ubao. Watu wa timu walianza kufika mmoja mmoja, sijui nani aliwaambia. Mwenye bucha alikuja na aproni yake. Kinyozi alisimama mbali, mikono mfukoni, na hata kutoka pale nilipokaa niliisikia harufu ya ile dawa ya kuchua. Mwalimu wa hesabu alijaribu kumpa wifi pole, akaanza kusema Ukuta ni mtu wa kujikaza. Wifi akamwangalia mpaka akaacha. Kila mmoja wao alikuwa anajua tangu Jumapili. Wote walikuwa wanaume wazuri, na nasema hivyo huku nikiwa na hasira nao. Yeyote kati yao angempa kaka damu yake siku ile, na wawili walitoa kweli. Sentensi moja ndiyo iliyowashinda.

Yule daktari mrefu alitoka kofia ya kitambaa ikiwa mkononi. Alituambia walikuta damu imejaa tumboni, wakaitoa ile bandama iliyopasuka, lakini mwili ulikuwa umepoteza nyingi mno kwa muda mrefu mno, na moyo ukasimama, wakaurudisha, ukasimama tena. Mume wangu alikaa sakafuni. Mimi nilimwacha pale pale.

Wameshapita watu wengi kuja kutupa pole, na timu ilileta jezi yake imekunjwa vizuri, na nahodha akatoa maneno marefu. Wanacheza bado, nasikia. Mume wangu hajarudi kiwanjani, hata gari halipitishi upande ule wa ghala. Naishi naye. Kuna siku namtayarishia chai na kuna siku siwezi kumtazama, naye anajua leo ni siku gani kabla sijasema. Kuhusu lile duara na viganja, sijauliza kama bado wanafanya, kwa sababu naogopa jibu.

Yule mteja wa mlango alikuja kuuliza kwa aibu kama anaweza kuuchukua ulivyo. Wifi alikataa. Alimtafuta fundi rafiki wa kaka aumalizie upande uliobaki, akausimamia mwenyewe, akausukuma kwa kidole mara nyingi mpaka akaridhika. Nilikuwa naye siku ulipopakiwa. Nikamwambia wifi, mimi ningeuchoma moto, kila nikiuona nasikia ule uongo. Akaniambia mlango haukufanya kosa lolote, ulisingiziwa tu.

Hapo ndipo nilipomwuliza kitu ambacho kilikuwa kimenikaa kooni tangu hospitali. Nilimwuliza walisema nini na kaka pale mwishoni, alipoinama.

Alikunja kitambaa alichokuwa amekishika, akakikunjua, akakikunja tena.

"Alikuwa ameshasikia yote, lakini nadhani akili yake ilikuwa inakwenda na kurudi," alisema. "Akaniambia, mama watoto, ni ule mlango. Nikamwambia najua, mume wangu, ni mlango. Ningemwambia nini kingine, wifi? Aingie mle ndani akiogopa kwamba nimekasirika?"

Tukafunga karakana. Zilikuwa zimebaki mbao chache, randa, na nyuma ya mbao, kwenye msumari, zile glavu. Wifi alizitungua. Vumbi la mbao lilikuwa limeingia katikati ya vidole, akalipuliza. Alizivaa, zikammeza mikono hadi karibu na viwiko, akakaa nazo hivyo juu ya benchi la kaka, viganja vimelala magotini.

"Nilikuwa natania," akasema. "Wifi, mimi nilikuwa natania tu. Nisingezikata."